Kahawa na Joto: Mambo ya Kujua Ndhiwa Kabla ya Kuchimba Shimo

Mkulima wa Ndhiwa anayefikiria kutenga nusu ekari ya shamba la miwa au mahindi ili apande kahawa anafanya uamuzi mrefu kuliko anavyodhani. Mahindi humaliza kazi yake kwa msimu mmoja. Miwa hung'olewa baada ya mavuno machache. Mti wa kahawa ukitunzwa vizuri huzaa kwa zaidi ya miaka 30. Mche unaotiwa ardhini wakati wa chwiri mwaka huu utakuwa ungali unategemewa na mtoto wa chekechea wa leo, atakapokuwa naye anatafuta karo ya watoto wake.

Kwa sababu hiyo, mkulima haulizi tu kama kahawa inaweza kuota Ndhiwa leo. Anauliza kama itaendelea kuzaa hali ya hewa itakapokuwa na joto zaidi na mvua isiyotabirika kama zamani. Somo hili linaeleza jinsi mti wa kahawa unavyoitikia mabadiliko ya tabianchi, na maana yake kwa wakazi wa wadi saba za Ndhiwa, kuanzia Kwabwai hadi Kanyamwa Kologi.

MTI ULIOZOEA KIVULI

Kahawa inayokuzwa kwa wingi duniani ni ya aina mbili, arabica na robusta. Karibu kahawa yote ya Kenya ni arabica.

Arabica asili yake ni misitu ya milimani ya kusini-magharibi mwa Ethiopia na sehemu za jirani za Sudan Kusini. Huko ilikua chini ya miti mikubwa, kwenye kivuli, ubaridi wa wastani na ardhi iliyofunikwa na majani makavu. Hupendelea wastani wa joto la mwaka wa nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Ikifika nyuzi 23, matunda huanza kuiva haraka mno na ubora hushuka. Ikikaa muda mrefu kwenye nyuzi 30 au zaidi, ukuaji hudumaa na majani hugeuka manjano.

Robusta ni ya misitu ya chini katika bonde la Kongo na Uganda. Yenyewe huvumilia wastani wa nyuzi 22 hadi 26. Hata hivyo, nayo ni mti wa msituni unaohitaji maji ya kutosha.

Arabica iliingia Kenya kupitia wamisionari wa Kifaransa waliopanda miche yao Bura, kwenye vilima vya Taita, mwaka 1893. Ilipoenea ilifuata nchi za juu: Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Meru, Kisii na miteremko ya Mlima Elgon. Mti ulikwenda ulikokuta ubaridi unaofanana na wa nyumbani kwake.

JOTO LINAFANYA NINI NDANI YA MTI

Chini ya kila jani la kahawa kuna vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kupitia hivyo mti huvuta hewa ya kutengenezea chakula, na kupitia hivyo hivyo hupoteza maji. Jua likiwa kali na hewa ikiwa kavu, mti hufunga vitundu ili usikauke. Ukivifunga, unaacha pia kutengeneza chakula. Mti wa kahawa uliosimama juani saa nane mchana unaweza kuonekana wa kijani na mzima, lakini jikoni mwake moto umezimwa.

Athari ya pili iko kwenye tunda. Katika ubaridi, tunda la arabica huchukua miezi sita hadi tisa kutoka ua hadi kuiva. Katika muda huo punje hujaa polepole na kukusanya sukari na vitu vinavyoipa kahawa ladha. Joto likipanda, tunda huiva kabla punje haijajaa, na punje hutoka ndogo na nyepesi.

Mkulima huliona jambo hilo kwenye malipo. Kahawa ya Kenya hupangwa kwa madaraja kulingana na ukubwa na uzito wa punje. AA ni punje kubwa, AB hufuata, na punje nyepesi huangukia TT na T. Shamba likitoa punje ndogo, mkulima anaweza kuchuma kilo zile zile za matunda na bado akapata pesa kidogo.

Athari ya tatu huwachanganya wengi. Mti wa kahawa uliopandwa juani bila kivuli hutoa maua mengi sana. Mwaka huo mkulima hufurahi. Lakini matunda yakiwa mengi kuliko chakula kinachotengenezwa na majani, mti hujila wenyewe. Majani hupukutika, vitawi hukauka kutoka nchani, na mwaka unaofuata hakuna mavuno ya maana. Joto na ukame huzidisha hali hiyo.

MVUA NA MAUA

Maua ya kahawa hufuata mvua. Wakati wa kiangazi vichipukizi vya maua hulala. Mvua ya kwanza nzuri ikinyesha huamka, na baada ya wiki moja hadi mbili shamba lote huwa jeupe na kunukia. Kwa kuwa sehemu hizi zina misimu miwili ya mvua, chwiri na opon, mti huchanua kwa vipindi na kutoa mavuno makubwa na mavuno madogo katika mwaka mmoja.

Utaratibu huo hutegemea kiangazi kinachoeleweka kikifuatiwa na mvua inayoendelea. Misimu ikivurugika, mambo matatu hutokea.

Kwanza, mvua ya kudanganya ikinyesha siku mbili kisha jua likarudi kwa wiki tatu, maua huchanua halafu hukauka, au matunda machanga hudondoka. Mavuno ya msimu hupotea kabla mkulima hajajua yalikuwepo.

Pili, mvua ikija vipande vipande, mti huchanua mara nyingi. Tawi moja huwa na ua, tunda bichi na tunda jekundu kwa wakati mmoja. Mchumaji hulazimika kurudi kwenye mti ule ule tena na tena, na gharama ya uchumaji hupanda. Akichoka akachuma yote pamoja, matunda mabichi huharibu kahawa nzima kiwandani.

Tatu, mvua ikinyesha wakati wa kukausha, kahawa huvunda au kuota ukungu.

USIKU WENYE JOTO: FUNZO KUTOKA TANZANIA

Wengi wakisikia joto linaongezeka huwaza jua la mchana. Utafiti wa kahawa nchini Tanzania ulionyesha kwamba usiku nao una uzito mkubwa. Watafiti walichunguza kumbukumbu za mavuno ya arabica na za hali ya hewa kuanzia miaka ya 1960, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Waligundua kwamba joto la chini kabisa la siku, yaani lile la usiku kuelekea alfajiri, ndilo lililohusiana zaidi na kushuka kwa mavuno. Kwa kila nyuzi 1 iliyoongezeka, mavuno yalipungua kwa takriban kilo 137 kwa hekta.

Hesabu hiyo si ndogo, kwa kuwa mashamba mengi ya wakulima wadogo Afrika Mashariki hutoa kilo mia chache tu za kahawa safi kwa hekta.

Sababu inaeleweka kirahisi. Mchana mti hutengeneza chakula. Usiku haulali kabisa. Huendelea kupumua na kutumia sehemu ya kile ulichotengeneza. Usiku ukiwa baridi hutumia kidogo na kingi hubaki kwa ajili ya matunda. Usiku ukiwa na joto, hutumia zaidi. Ni kama nyumba yenye mapato yale yale ambayo matumizi ya usiku yameongezeka. Mwisho wa mwezi akiba haipo.

MAGONJWA NA WADUDU HUHAMA NA JOTO

Maadui wawili wa kahawa hupenda joto, na mmoja hupenda baridi.

Kutu ya majani ni ukungu unaoacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, kisha jani hudondoka. Ugonjwa huu una historia na eneo hili. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza aliuona kwenye kahawa ya mwituni karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 1869 ulitambuliwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Katika miaka iliyofuata uliangamiza mashamba ya kahawa huko hadi wakulima wakahamia chai. Kuanzia mwaka 2012 ulizua hasara kubwa Amerika ya Kati. Kutu hustawi penye joto na unyevu, na kwa hivyo nchi za chini kama Ndhiwa ziko kwenye hatari kubwa kuliko milimani.

Ruhuka ni mdudu mdogo mweusi kama mbegu ya wimbi anayetoboa tunda la kahawa na kutaga mayai ndani ya punje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao wanasayansi wa kituo cha ICIPE cha Nairobi walishiriki, ulionyesha kwamba mdudu huyu hawezi kuzaliana joto likiwa chini ya nyuzi 15 hivi, na huzaliana haraka zaidi kadiri joto linavyopanda hadi karibu nyuzi 30. Ubaridi wa milimani ulikuwa uzio wa asili dhidi yake. Joto likipanda, uzio huo hulegea, na katika nchi za chini ruhuka hupata vizazi vingi zaidi kwa mwaka.

Chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wengi wa Kenya wanaujua kwa kifupi CBD, hufanya kinyume. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1922. Huozesha matunda mabichi wakati wa baridi na mvua. Katika sehemu zenye joto huwa na makali kidogo. Hii ni nafuu kwa mkulima wa nchi ya chini, ingawa haiondoi mzigo wa kutu na ruhuka.

NDHIWA IKO WAPI KWENYE NGAZI?

Kuna kanuni rahisi ambayo kila mkulima anaweza kuitumia. Mtu akipanda mlima, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Kwa hiyo ongezeko la joto la nyuzi 1 ni sawa na kuliteremsha shamba mita 160 hivi chini ya mlima, bila shamba lenyewe kusogea.

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134. Sehemu kubwa ya Ndhiwa iko katikati, takriban kati ya mita 1,200 na 1,400. Kwa kanuni hiyo, Ndhiwa ina joto zaidi ya Kisii kwa nyuzi 2 au zaidi. Arabica inayojisikia nyumbani Kisii, ikiletwa Ndhiwa, inakaa ukingoni mwa kile inachoweza kuvumilia.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia tabianchi wanasema dunia imekwisha kupata ongezeko la takriban nyuzi 1.1 ikilinganishwa na nusu ya pili ya karne ya 19, na joto linaendelea kupanda. Shamba lililo ukingoni leo litakuwa limevuka ukingo kabla mti haujazeeka.

Ndiyo maana kwenye ramani za kanda za kilimo zinazotumika Kenya, kahawa ya arabica imewekwa kwenye kanda za juu-kati, na miwa kwenye kanda za chini-kati. Katika Kaunti ya Homa Bay, kahawa imezoeleka zaidi upande wa Rachuonyo unaopakana na nyanda za Kisii. Hiyo haimaanishi kwamba kila mti wa arabica Ndhiwa utakufa. Inamaanisha kwamba mkulima wa arabica Ndhiwa atalazimika kununua kwa jasho lake, kwa kivuli, matandazo na maji, ule ubaridi ambao mkulima wa Kisii anaupata bure.

JE, ROBUSTA NDIYO JIBU?

Ng'ambo ya ziwa, Uganda hukuza robusta kwa wingi kandokando ya Ziwa Victoria, katika maeneo kama Masaka na Mukono, kwenye mwinuko usiotofautiana sana na wa Ndhiwa. Kwa upande wa joto, basi, robusta inafaa zaidi hapa kuliko arabica. Ina uwezo mkubwa wa kustahimili kutu. Tena huuzwa zaidi ikiwa imekaushwa juani na tunda lake, hivyo haimlazimu mkulima kuwa na kiwanda cha kumenya karibu.

Lakini kuna mambo manne ya kupima.

La kwanza ni maji. Mizizi mingi ya robusta iko karibu na uso wa ardhi, na kiangazi kirefu huiumiza haraka. Kanda ya ziwa ya Uganda hupata mvua iliyosambaa vizuri katika mwaka. Ndhiwa, hasa upande unaoelekea Bonde la Lambwe, hukaa mikavu zaidi. Upande wa mashariki unaopakana na Rongo una nafuu.

La pili ni kwamba jina lake limeipa sifa kuliko uwezo wake. Utafiti wa mwaka 2020 uliotumia kumbukumbu za mamia ya mashamba ya Vietnam na Indonesia ulionyesha kwamba robusta huathiriwa na joto mapema kuliko ilivyodhaniwa, na mavuno hushuka kwa takriban asilimia 14 kwa kila nyuzi 1 inayozidi kiwango kinachoifaa. Robusta inampa mkulima nafasi ya kupumua. Haimwondolei tatizo.

La tatu ni uchavushaji. Arabica hujichavusha yenyewe, na mti mmoja unaweza kuzaa peke yake. Robusta huhitaji chavua ya mti wa ukoo mwingine. Mkulima anayepanda miche yote kutoka kwa mti mmoja anaweza kupata majani mengi na matunda machache. Shamba la robusta lazima lichanganye koo kadhaa, na nyuki wasaidiwe kuishi karibu.

La nne ni ugonjwa wa mnyauko. Mwaka 1993 ugonjwa huo uligunduliwa kwenye robusta nchini Uganda, na katika miaka iliyofuata ukaua sehemu kubwa ya miti ya nchi hiyo. Watafiti wa Uganda walilazimika kuzalisha aina mpya zinazoustahimili, zinazoitwa KR. Kwa hiyo miche isivushwe mpakani kwa njia za panya. Uingizaji wa mimea nchini unasimamiwa na KEPHIS, na sheria hiyo inamlinda mkulima mwenyewe: mche mmoja mgonjwa unaweza kuleta ugonjwa ambao hautatoka ardhini kwa muda mrefu.

UDONGO HUAMUA MAPEMA KULIKO JOTO

Sehemu kadhaa za Ndhiwa zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Miwa huuvumilia. Kahawa haiuvumilii. Mizizi yake huhitaji hewa, na maji yakituama kwa siku chache huanza kuoza. Wakati wa kiangazi, nyufa hukata mizizi hiyo hiyo.

Kahawa hutaka udongo mwekundu au wa hudhurungi, wenye kina cha zaidi ya mita moja, unaopitisha maji na wenye asidi kidogo. Kipimo cha kwanza hakina gharama. Mkulima achimbe shimo la kina cha goti, alijaze maji, yakinywewa alijaze tena. Maji ya pili yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, hapo si pa kahawa. Yakiisha, hatua inayofuata ni kupima udongo kwenye maabara ili kujua asidi na virutubisho.

KUCHAGUA ARABICA INAYOFAA

Mwenye shamba la juu zaidi, lenye udongo mzuri na maji ya uhakika, huenda bado akataka arabica. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyo Ruiru, ambayo ni sehemu ya KALRO, imetoa aina kadhaa.

SL28 na SL34 zilichaguliwa na Maabara ya Scott miaka ya 1930. Zina ladha inayosifiwa duniani kote, lakini huathiriwa sana na kutu na chulebuni. K7 ilichaguliwa upande wa Muhoroni, na imependekezwa kwa nchi za chini ambako kutu ni tatizo. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ni fupi, hupandwa kwa ukaribu na hustahimili magonjwa yote mawili. Batian, iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya, ni ndefu, huwahi kuzaa na nayo hustahimili magonjwa hayo.

Kustahimili ugonjwa na kustahimili joto ni mambo mawili tofauti. Batian haitapata kutu kirahisi, lakini bado ni arabica, na usiku wa joto utaila akiba yake kama arabica nyingine.

KUTENGENEZA UBARIDI SHAMBANI

Kwa arabica na robusta pia, mkulima anaweza kupunguza makali ya joto kwa mbinu zinazojulikana.

Kivuli. Miti ya kivuli hupunguza joto la mchana kwa nyuzi kadhaa na kuzuia mti kuzaa kupita uwezo wake. Siala na ober, ambayo kila boma la Ndhiwa linaijua, inaweza kutumika, mradi ipogolewe. Kivuli kiwe chepesi, cha kuzuia karibu theluthi moja ya jua. Kikizidi, maua hupungua. Mikaratusi isiwekwe karibu kwa sababu hugombania maji.

Ndizi. Nchini Uganda wakulima hupanda kahawa na ndizi pamoja, na watafiti waliopima mashamba hayo walikuta mapato kwa ekari yakiwa makubwa kuliko ya zao moja peke yake. Ndizi hutoa kivuli, matandazo na chakula wakati kahawa bado haijazaa. Ziwekwe kwa nafasi, kwani nazo hunywa maji mengi.

Matandazo. Majani makavu, mabua ya mahindi au majani ya miwa yasichomwe. Yakitandazwa kati ya mistari hushikilia unyevu na kupoza udongo. Yasiguse shina.

Mashimo. Yachimbwe miezi mitatu kabla ya mvua, yawe na upana na kina cha sentimita 60, yajazwe udongo wa juu na debe la mbolea ya zizi mwezi mmoja kabla ya kupanda. Udongo wa juu uwekwe kando ya ule wa chini tangu mwanzo.

Maji. Mitaro na makingamaji kwenye miteremko huzuia maji ya chwiri yasiishie Mto Kuja. Kila tone linaloingia ardhini ni akiba ya kiangazi.

Usafi. Matunda yaliyodondoka na yaliyobaki mtini baada ya mavuno yaokotwe yote, kwa sababu ndiyo nyumba ya ruhuka hadi msimu ujao. Kazi hii haigharimu chochote ila muda, na ndiyo kinga bora zaidi dhidi ya mdudu huyo.

HESABU YA SOKO

Tunda la arabica likichumwa linapaswa kumenywa siku hiyo hiyo. Mkulima asiye na kiwanda cha kahawa karibu hukausha matunda yake na kuyauza kama mbuni, kwa bei ya chini. Kwa hiyo kabla ya kupanda arabica, wakulima wa eneo moja wanahitaji kujua watapeleka matunda wapi, na kwa usafiri gani. Mtu mmoja mwenye miti mia mbili peke yake katika kata nzima ana kahawa, lakini hana soko. Chama cha ushirika huanza na majirani waliokubaliana kupanda pamoja.

Robusta hupunguza tatizo la kiwanda, ila kwa kawaida bei yake kwa kilo huwa chini ya ile ya arabica nzuri. Mkulima aweke hesabu zote mbili mezani pamoja na ile ya miwa anayoijua tayari. Akumbuke pia kwamba kahawa haitampa mavuno ya maana kabla ya mwaka wa pili au wa tatu.

MASWALI MATANO KABLA YA KUPANDA

Familia inayofikiria kahawa ikae chini na kujibu haya kwa ukweli:

1. Je, udongo wa shamba unapitisha maji, au ni ule mweusi unaopasuka?

2. Je, kuna maji ya kunyweshea miche katika kiangazi cha kwanza na cha pili?

3. Je, kuna miti ya kivuli, au nafasi ya kuipanda mwaka mmoja kabla ya kahawa?

4. Je, miche inatoka kwenye kitalu kilichosajiliwa, na aina yake inajulikana?

5. Je, kiwanda au mnunuzi yuko wapi, na majirani wangapi wako tayari kupanda?

Mwenye jibu zuri kwa maswali yote matano anaweza kuanza na sehemu ndogo, aone miti inavyopita viangazi viwili, kisha apanue. Aliyekwama kwenye swali la udongo atafute zao lingine, kwa kuwa hakuna mbolea wala aina ya mche itakayobadilisha ardhi inayotuamisha maji. Aliyekwama kwenye kivuli au maji ana kazi ya kufanya kwanza: apande siala mwaka huu na kahawa mwaka ujao.

Tangu Katiba ya 2010, huduma za ugani wa kilimo ziko chini ya serikali za kaunti. Mkazi wa Ndhiwa anayetaka shamba lake likaguliwe au udongo wake upimwe aanzie kwa afisa wa kilimo wa wadi yake, na aende akiwa na majibu ya maswali hayo matano mkononi. Ni afadhali kuuliza kabla shimo halijachimbwa, kwa kuwa mti wa kahawa huchukua miaka mitatu kumwonyesha mkulima kwamba alikosea mahali.